Kanda Iliyolishwa Wali wa Moto

Kosa lilikuwa langu. Nalisema mapema, maana mtaa wetu wote hapa Murakami unalijua, na asiyelijua Hatsue atamwambia.

Mimi naitwa Fusae. Nauza mchele. Duka langu limepakana na duka la tofu la Hatsue. Kila asubuhi Hatsue huchemsha soya, hukamua maziwa yake na kuyagandisha yakawa tofu. Binti yake, Mutsumi, hupakia tofu kwenye baiskeli ya matairi matatu. Kisha huchukua tarumbeta ndogo ya shaba na kuzunguka mitaani akiipuliza. Watu wakiisikia hutoka na mabakuli.

Mutsumi akitoka husema, "Nakwenda, narudi!" Akirejea husema, "Nimerudi!" Naye aliye ndani hujibu, "Karibu nyumbani!" Kwetu kila nyumba iko hivyo. Hata ukigombana na mumeo asubuhi, jioni utamjibu tu, ingawa umenuna.

Lakini Hatsue hakuwa akijibu. Mutsumi aliita, mama yake akakohoa tu, au akagonga sufuria. Neno lile lilimkwama. Mumewe, Tamotsu, alitoka na tarumbeta hiyohiyo miaka ishirini na miwili iliyopita. Alisema, "Nakwenda, narudi!" Moyo wake ukasimama karibu na daraja, na hakurudi. Mutsumi alikuwa na miaka miwili.

Kilichobaki ni picha zake na kanda moja ya video. Kanda hiyo Tamotsu aliirekodi mwenyewe kwa kamera aliyoiazima kwa mume wangu. Aliiweka juu ya rafu dukani, akaiacha ifanye kazi. Baada ya msiba Hatsue hakuwa na nguvu ya kuitazama. Baadaye deki yao ikaharibika. Siku moja akaniuliza, "Shoga, kanda hii niiweke wapi?"

Nikamwambia, "Iweke kwenye kabati la marehemu. Ikae karibu na mwenyewe."

Nilijiona nina akili kweli!

Kila nyumba ya kwetu ina kabati hilo. Ndani mna picha ya marehemu, kikombe cha maji na vijiti vya udi. Asubuhi, kabla ya walio hai kula, bakuli la kwanza la wali wa moto hupelekwa hapo. Hatsue aliiweka kanda nyuma ya bakuli. Ikakaa hapo karibu miaka ishirini.

Mwaka huu ilikuwa zamu ya kisomo kikubwa cha kumkumbuka Tamotsu. Jamaa wote wangekuja. Mutsumi akamwambia mama yake, "Mama, siku hiyo nataka kumsikia baba."

"Kumsikia vipi?"

"Kwa ile kanda. Watu wote waliomjua wanaijua sauti yake. Muuza samaki anaijua. Fusae anaijua. Mimi mwanawe siijui."

Hatsue akaitoa kanda kabatini. Wakaja kwangu na kanda, maana nina deki kuukuu nyuma ya magunia. Nikaifuta vumbi kwa aproni. Nikachomeka umeme. Nilikuwa nimeinua mkono kuiingiza kanda, mara nikasikia ukelele mlangoni.

"Simama hapohapo! Fusae, ukiiingiza hiyo nitakukata mkono!"

Alikuwa fundi Kuramochi. Mama huyu ana duka la vyombo vya umeme pale kona, alilorithi kwa baba yake. Anatengeneza mashine za kufulia, majiko, redio, kila kitu. Alikuja kununua mchele kilo tano.

"Nimefanya nini?" nikauliza.

"Bado hujafanya. Lete hapa."

Akaichukua kanda, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha. Akatuonyesha kidirisha chake cha plastiki. Utepe mweusi ulikuwa na unga mweupe pembeni, kama mochi, keki ya mchele, iliyosahauliwa kabatini.

"Mnauona huu? Ni ukungu. Unaota penye unyevunyevu. Ukiucheza utepe huu hivi ulivyo, ukungu unaingia ndani ya deki na kuziba vichwa vinavyosoma picha. Tena utepe umeshikana. Ungeweza kukatika. Mlikuwa mkiiweka wapi?"

Tukatazamana. Hatsue akasema polepole, "Nyuma ya bakuli la wali."

"Wali wa moto?"

"Wa moto."

"Kila siku?"

"Kila siku, fundi. Na maji. Na udi."

Fundi akashika kiuno. "Mama wee! Miaka yote hiyo ya mvuke na moshi! Umeilisha kanda wewe. Ukungu umenenepa!"

"Nani alikushauri?" akauliza. Nikaanza kupima mchele wake kwa haraka. Nilipima kilo sita.

Hatsue alikuwa ameanza kulia. "Basi nimemuua mara ya pili."

"Nani kasema imekufa?" fundi akamkaripia, lakini kwa upole. "Mimi nimesema msiiingize kwenye deki. Funga mdomo, futa machozi, tufuatane."

Tukaenda dukani kwake sote watatu. Mimi nililiacha duka langu bila mtu. Nilikuwa na deni la moyoni.

Kwanza fundi alifungua madirisha. Akavaa barakoa na glavu. "Vumbi la ukungu si zuri kwa mapafu," akasema. Akavunja kijilimi cha plastiki mgongoni mwa kanda. "Kijilimi hiki kikiwepo, mtu akikosea kidogo anarekodi juu ya picha za zamani. Kikiondoka, kanda haiwezi kufutika kwa bahati mbaya."

Aliiacha kanda ikauke siku mbili ndani ya kopo pamoja na vipakiti vya kunyonya unyevu, vile vinavyotoka kwenye makopo ya biskuti za mchele. Siku ya tatu akaifungua skrubu. Akauzungusha utepe wote polepole, huku akiufuta kwa kitambaa laini kisichoacha nyuzi, kilicholowa spiriti kidogo. Alitumia deki mbovu aliyoitenga kwa kazi hiyo tu. Vitambaa vilitoka vyeupe. Kisha vikatoka vya kijivu. Mwisho vikatoka safi.

"Sasa imenawa," akasema. "Lakini haitoshi. Kanda inazeeka hata ikitunzwa. Na deki haziundwi tena. Lazima tuihamishie kwenye diski."

"Diski inaingiaje hapo?" nikauliza.

Akatoa kidude cheusi, kidogo kama kiberiti. "Hiki ni kifaa cha kunasa video. Upande huu kinapokea nyaya za deki. Upande huu kinaingia kwenye kompyuta. Deki inacheza, hiki kinanasa picha na sauti, kompyuta inahifadhi. Hakuna uchawi. Mutsumi, njoo uchomeke wewe. Kanda ya baba yako hii."

Mutsumi akashika nyaya. "Wa manjano ni wa picha," fundi akamwambia. "Mweupe na mwekundu ni wa sauti. Rangi iingie kwenye rangi yake."

Mutsumi akainama nyuma ya deki. Akachomeka. Fundi akabonyeza deki. Mistari ikapita kwenye kioo cha kompyuta, kisha picha ikatulia.

Tamotsu!

Alikuwa yeye, na kilemba chake cha taulo kichwani. Alikuwa akiingia dukani na tarumbeta mkononi. Alituangalia usoni kabisa. Midomo yake ilicheza, akacheka, akasema tena.

Lakini hakukuwa na sauti. Hata mlio mdogo hakuna.

"Ongeza sauti," nikasema.

"Iko juu kabisa," fundi akajibu.

Tukamtazama Tamotsu akisema na kusema, kimya. Mutsumi alisogeza sikio karibu na kompyuta. Hatsue alifunika uso kwa mikono. "Sauti yake imeliwa na ukungu," akasema. "Nimeilisha wali mpaka imekufa."

Fundi aliinama nyuma ya deki na tochi. Akakaa huko. Kisha akaanza kucheka, mpaka nikataka kumpiga.

"Nani alichomeka?"

"Mimi," Mutsumi akasema.

"Rangi umepatia. Njoo uone. Nyuma ya deki kuna safu mbili za matundu. Safu hii imeandikwa 'kuingia'. Hii imeandikwa 'kutoka'. Wa manjano umeuchomeka kwenye kutoka. Hizi mbili umezichomeka kwenye kuingia! Sauti ya baba yako inagonga mlango, wewe umesimama kwenye mlango mwingine."

Mutsumi akahamisha nyaya mbili. Fundi akairudisha kanda mwanzo. Akabonyeza. Tukasikia baiskeli ikipita nje ya duka la zamani, na mlio wa mashine ya kusaga soya.

"Zima!" Hatsue akapiga kelele. "Zima, fundi, tafadhali!"

"Kuna nini tena? Si sauti hiyo?"

"Ndiyo. Lakini Tamotsu atasikika nyumbani kwake. Si dukani kwa watu."

Nilidhani fundi atakasirika. Badala yake aliinama, akavaa vipokea sauti masikioni, na kukigeuzia kioo ukutani. "Lazima mtu mmoja asikilize. Sauti ikikatika katikati tutajuaje? Kaeni. Kanda ya saa moja hunaswa kwa saa moja. Haiharakishwi. Na mtu asiiguse kompyuta. Nimeizuia isilale."

Tukakaa kwenye viti. Fundi alisikiliza akiwa ameukunja uso. Ghafla akacheka peke yake. Kisha akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena.

"Kuna nini?" Mutsumi akauliza.

"Mtaona wenyewe."

Ilipokwisha alitazama vipande vya mwanzo, vya kati na vya mwisho, kuhakikisha picha na sauti vinakwenda pamoja. Akaanza kuihamishia video kwenye diski. Akatueleza jambo moja ambalo wengi hulisahau. "Diski ikishaandikwa lazima ifungwe. Hapa kwenye programu pana kitufe cha kuifunga. Usipokibonyeza, itacheza kwenye kompyuta hii, lakini kule nyumbani mashine itaikataa mbele ya wageni."

Akaandika diski mbili, akazifunga zote. Aliandika jina juu kwa kalamu laini, akakataa kubandika karatasi. Video yenyewe akaihifadhi pia kwenye kompyuta na kwenye hifadhi nyingine ya nje. "Diski moja ikae kwa Hatsue. Moja ikae nyumba nyingine. Moto ukitokea huku, kule ipo. Na kanda msiitupe. Isimamisheni wima pakavu."

Hatsue akaipokea diski kwa mikono miwili, akainamisha kichwa. "Nitaiweka kwenye kabati, karibu na..."

"Hapana!" tukasema sote watatu kwa pamoja. Hatsue akacheka. Nilikuwa sijamsikia akicheka hivyo kwa siku nyingi.

Jumapili ikafika. Mtawa akasoma, akanywa chai, akaondoka. Jamaa kama kumi na wanne walibaki wamekaa sakafuni, pamoja na fundi Kuramochi na mimi. Hatsue alikuwa jikoni akiwasha moto chini ya supu. Mutsumi akaiingiza diski kwenye mashine ya televisheni.

Ikasoma.

Duka la zamani likatokea. Mashine ya soya ilinguruma. Mtoto mdogo alikuwa amekaa juu ya kreti. Mlango ukafunguliwa, Tamotsu akaingia na tarumbeta mkononi.

"Nimerudi!" akasema.

Sauti nene, yenye mikwaruzo kidogo. Ilikuwa yake kabisa. Mutsumi akashika mdomo.

Hakuna aliyemjibu Tamotsu. Mashine ya kusaga ilikuwa na kelele, na Hatsue wa siku zile alikuwa nyuma, hasikii. Tamotsu akamnyanyua mtoto.

"Nimerudi!" akaita tena, kwa nguvu zaidi. Kimya. Akamwambia mtoto, "Mutsumi, mama yako ametutupa. Leo tutalala nje na tofu."

Jamaa wakacheka huku wakilia. Mutsumi alikuwa akirudia kwa sauti ndogo, "Amenitaja. Mmesikia? Amenitaja jina."

Tamotsu akavuta pumzi, akaita mara ya tatu. Nyumba nzima ilitikisika.

"NIMERUDI!"

"Karibu nyumbani!"

Sauti hiyo haikutoka kwenye televisheni. Ilitoka jikoni. Hatsue alikuwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi, supu ikidondoka kwenye mkeka. Alijibu kwa sauti kubwa, ya mtu aliyemsubiri mumewe mchana kutwa. Miaka ishirini na miwili neno lilikuwa limekwama, sasa limetoka lote.

Kwenye kioo Tamotsu akacheka. "Haya, tunaweza kuingia," akamwambia mtoto, akavua viatu. Kisha akamwekea tarumbeta mdomoni. "Puliza, mwanangu. Puliza!" Mtoto akapuliza. Ukatoka mlio mbaya, kama bata aliyekanyagwa. Tamotsu akashangilia utadhani binti yake ameshinda vita. Nasi tukashangilia. Mjomba mmoja mzee alipiga makofi mpaka kikombe chake kikapinduka. Mutsumi akakimbia kuchukua tarumbeta ileile ukutani, akampulizia baba yake mlio mrefu, safi, usio na kasoro.

Jumatatu foleni ilifika nje kwa fundi Kuramochi. Watu walitoa kanda kabatini, darini, chini ya magodoro. Mimi nilikuwa wa kwanza, na kanda yangu ya harusi. Fundi akaiinua kwenye mwanga, akanitazama.

"Hii nayo umeilisha nini?"

"Haijala kitu, fundi. Naapa."

Diski ya pili ya Tamotsu iko kwangu, juu, mbali na mvuke wowote. Na kila asubuhi, Mutsumi akimaliza mzunguko wake, namsikia kupitia ukutani akiita, "Nimerudi!" Hahitaji kuita mara tatu. Hatsue anajibu mara ya kwanza, na hata mimi huku kwenye mchele nasikia.