Dawa Mbili Kichwa Kimoja

Kila asubuhi ya kazi Leokadia alichoma nywele. Aliwasha jiko la gesi, akaweka kitana cha chuma juu ya moto, kisha akakijaribu kwenye kipande cha gazeti. Gazeti likigeuka kahawia, alikipitisha kichwani, fungu baada ya fungu, mpaka nywele zikanyooka na chumba kikajaa harufu ya mafuta yaliyoungua.

"Mama Dorothea, unakaanga nini?" mumewe, Elisante, aliuliza akiwa bado kitandani.

"Nakaanga ajira," alijibu.

Ulikuwa mwezi wa Machi, mwaka 1998, mjini Guangzhou. Machi katika mji ule ni mwezi wa unyevu. Kuta hutoa jasho. Nguo hukaa kwenye kamba siku nne bila kukauka. Jua halionekani.

Walikuwa wamepanga chumba kimoja Shahe, karibu na masoko ya nguo za jumla. Elisante alisoma shahada ya pili ya ujenzi kwa ufadhili. Leokadia alikuwa amemaliza masomo ya biashara mwaka uliotangulia, akapata kazi ya ukarani katika kampuni ndogo ya kusafirisha mizigo, Barabara ya Zhanqian. Wafanyabiashara wa Dar es Salaam na Unguja walinunua nguo kwenye maduka ya pale, na kampuni iliwapakilia kwenye makontena. Leokadia alisema nao Kiswahili, kisha akamgeukia bosi na kusema Kichina.

Lakini alikuwa bado katika majaribio, nayo yangekwisha mwishoni mwa Aprili. Akipewa mkataba wa mwaka mmoja, angepata kibali cha kuishi, na kwa kibali hicho angeweza kumleta binti yao. Dorothea alikuwa na miaka minne. Alilelewa Moshi na bibi yake, mama wa Leokadia. Siku hizi, akipewa simu, alimwita mama yake "shangazi".

Mwenye kampuni alikuwa mama wa makamo aliyeitwa Bi Liang. Wafanyakazi walimwita laoban, yaani bosi. Hakuwa mkali, ila hakurudia neno.

"Saa mbili nywele zako zimelala," alimwambia Leokadia siku moja. "Saa tano zimesimama upande mmoja. Saa nane zimesimama zote. Mteja anakutazama kichwani, hasikii unachosema."

"Ni unyevu, laoban."

"Unyevu upo kila mwaka. Maonyesho ya biashara yanaanza katikati ya Aprili, na ofisi itajaa watu. Nataka nywele zitulie. Kama hazikutulia, siwezi kukuweka meza ya mbele. Na kama hukai meza ya mbele, mkataba wa nini?"

Bi Liang hakumwambia azinyooshe. Alitaka zitulie tu. Lakini Leokadia alijua njia moja tu ya kuzituliza.

Desemba, alipokwenda Moshi kumwona mtoto, alikuwa ametiwa dawa ya kunyoosha. Sasa, miezi mitatu baadaye, nywele mpya za kipilipili zilikuwa zimeota kwenye mashina, kama sentimita tatu. Juu ya hizo zilikuwapo zile za zamani, zilizonyooka kwa dawa na kukaushwa na moto wa kila siku. Dawa ya nyumbani hakuiona katika duka lolote Guangzhou. Ila saluni za Wachina zilikuwa kila mtaa, na picha madirishani zilionyesha nywele zilizonyooka kama nyuzi.

Jumamosi alitoka. Saluni ya kwanza, mwenyewe alimpungia mkono kabla hajakunja mwavuli. "Bu xing," alisema. Haiwezekani. Saluni ya pili, bu xing tena, safari hii pamoja na kicheko. Ya tatu ilikuwa nyuma ya stesheni ya reli, Liuhua. Msusi, msichana mwenye aproni nyeusi, alimkaribisha kitini. Alishika nywele kwa vidole viwili, akasitasita.

"Zimewahi kutiwa dawa?"

Leokadia alitazama mlango. Nje mvua ilikuwa ikinyesha. Akisema ndiyo, pengine angefukuzwa mara ya tatu.

"Hapana," alisema.

Dawa ilinuka kama yai viza. Baada ya dakika kumi ngozi ilianza kuwasha, kisha ikauma nyuma ya sikio la kushoto.

"Inauma?" msusi aliuliza.

"Kidogo tu. Endelea."

Alipoinamishwa kwenye sinki, alisikia maji yakipita, kisha akasikia maji yakisimama. Akafumbua macho. Msichana alikuwa ameshika kiganja kizima cha nywele zilizolowa, na nyingine zilikuwa zimeziba tundu la sinki.

"Ulisema hazijatiwa dawa," msichana alisema.

Leokadia alirudi Shahe amejifunika kitambaa. Elisante alikifungua. Mbele palikuwa na vishungi, juu palikuwa na visiki vya nywele, na nyuma ya sikio ngozi ilikuwa nyekundu na inatoka majimaji. Alikifunga tena taratibu, akapanda ngazi kumwita Mwanakhamis.

Mwanakhamis alikuwa mfanyabiashara kutoka Unguja. Mara tatu kwa mwaka alipanga chumba cha juu, akanunua nguo za watoto za kuuza nyumbani. Kabla ya biashara hiyo alikuwa na saluni yake Unguja kwa miaka kumi na miwili. Aliingia bila kubisha, mkasi mkononi.

"Hebu nione. Ala! Nani kakufanya hivi, mwanangu?"

"Nimejifanya mwenyewe."

Mwanakhamis alimkalisha dirishani, akachunguza kichwa chote bila haraka.

"Ulitiwa dawa ya nyumbani lini?"

"Desemba."

"Na leo ukamwambia huyo binti hujatiwa?"

Leokadia aliitikia kwa kichwa.

"Nyie wasomi mna balaa. Vitabu vinene mnavimaliza, karatasi ya ndani ya boksi la dawa inawashinda!"

"Nilidhani dawa ni dawa, Bi Mwanakhamis. Zote si za kunyoosha?"

"Zote za kunyoosha, ila hazipatani. Sikiliza. Dawa tunayotia sisi nyumbani ina magadi makali. Ni jamaa ya kile kitu wanachomwagia bomba la choo likiziba. Ya hawa Wachina ni namna nyingine kabisa, imetengenezwa kwa nywele zao. Kila moja inavunja unywele kwa njia yake. Unywele ulioguswa na moja hauguswi na nyingine, hata ikipita miezi sita. Unangoja sehemu ile ikue, ikatwe, iondoke. Ukitia juu yake, unywele unakuwa kama uji. Na wewe ulikuwa unauchoma kila siku. Ulikuwa umekwisha kabla hujafika huko."

"Zile sentimita tatu mpya je?" Elisante aliuliza.

"Hizo hazikuwa na dawa ya kwetu, ndiyo maana zimebaki. Lakini hii ya leo imezigusa, nazo zimelegea. Nakata zote fupi kabisa. Nikibakisha kitu kitavunjika polepole na kitakuumiza roho kila siku."

"Kata," Leokadia alisema.

Mkasi ulipokuwa ukifanya kazi aliuliza, "Nikisuka rasta juu ya visiki, si Jumatatu hakuna atakayejua?"

"Huna cha kushikia. Na ukivuta ngozi yenye kidonda, utazidisha. Wigi nalo sikupi. Kidonda kikifunikwa katika joto na unyevu huu kitaoza. Kioshe kwa maji safi tu, usipake mafuta wala dawa ya mswaki, na leo hii uende kwa daktari."

Daktari wa zahanati ya chuo alisafisha kidonda. Alisema ni kuungua kwa dawa. Sehemu kubwa ingepona, ila nyuma ya sikio palikuwa na mahali upana wa kidole gumba ambapo mizizi ilikuwa imekufa. Hapo hapangeota kitu tena.

Jumatatu Bi Liang alimtazama kichwani.

"Nani amekukata?"

Leokadia alimweleza. Hakuacha kitu, hata uongo wake kwa yule msusi.

"Hiki si kichwa cha meza ya mbele," Bi Liang alisema. "Utakaa ghalani, uandike namba za maboksi. Majaribio yako naongeza hadi Oktoba. Oktoba nitaamua."

Ghala lilikuwa nyuma ya ofisi, halina dirisha. Kazi ilikuwa kuhesabu maboksi ya viatu na mashati, kuandika kwa wino mweusi, kuhesabu tena. Maonyesho ya Aprili yalipita upande wa pili wa ukuta. Alisikia Kiswahili cha wateja wa kwao, lakini hakutoka. Usiku mmoja simu ilitoka Moshi: Dorothea ametimiza miaka mitano. Nyuma ya sauti ya bibi watoto walikuwa wakiimba.

"Miezi sita," Elisante alisema baada ya simu. "Kwa sababu ya nywele."

"Kwa sababu ya neno hapana," Leokadia alimjibu.

Kabla hajarudi Unguja, Mwanakhamis alimfundisha. Alitaka kila kitu kifanywe mbele yake, naye alikagua kama mwalimu wa mazoezi.

"Unywele hukua kama sentimita moja kwa mwezi. Hakuna mafuta ya kuuharakisha, atakayekuuzia anakuibia. Kazi yako ni kutoukata. Osha mara moja kwa wiki kwa shampuu laini. Kisha tia krimu ya kulainisha, na uchane ukiwa bado umelowa."

"Kwa chanuo?"

"Chanuo la meno mapana. Unaanza wapi?"

"Kwenye shina."

"Utang'oa! Anza kwenye ncha. Ukimaliza ncha, panda kidogo. Shina ni mwisho. Nywele zetu zina mikunjo, na kila mkunjo ni mahali pa kukatika. Ukizichana kavu, unazikata."

"Na unyevu huu?"

"Unyevu unaziharibu nywele ulizolazimisha kunyooka, kwa sababu zinataka kurudi zilivyo. Usipozilazimisha, zirudi wapi? Zisokote, zikunjie nyuma, zibanie. Zikivimba, zitavimbia ndani ya msokoto. Ila ngoja ngozi ikauke kabla ya kusokota, usije ukaota fangasi. Usikaze. Kichwa kikiuma, au ukiona vipele kwenye paji la uso, fumua siku hiyohiyo. Nywele za pembeni zikivutwa sana huondoka, na zikiondoka mara nyingi hazirudi."

"Mbona zamani walituambia kusuka kukiuma ndiyo kumekaa?"

"Walitudanganya. Mimi pia niliwadanganya watu, miaka mitatu ya mwanzo."

Usiku alilala amefunga kitambaa cha hariri, kwa kuwa mto wa pamba hukausha nywele na kuzikwaruza. Wiki za kwanza hakuona mabadiliko yoyote. Julai aliweza kushika unywele kwa vidole. Septemba Mwanakhamis alirudi, akamsokota misokoto minane midogo kutoka mbele kwenda nyuma, akaibania chini ya kisogo. Mmoja aliupitisha juu ya ule upara wa nyuma ya sikio.

Oktoba, siku mbili kabla ya maonyesho, Bi Liang alimwita. Mkataba ulikuwa mezani.

"Kazi yako ya ghala haina kosa," alisema. "Lakini tunapiga picha ya tangazo. Nimezungumza na saluni nzuri. Wanyooshe nywele zako, kampuni italipa. Jioni tunatia sahihi."

Leokadia alitazama karatasi. Jina lake lilikuwa limekwisha chapwa.

"Hapana, laoban."

Bi Liang aliinua macho.

"Zikinyooshwa zitakatika tena, au zitasimama mvua ikinyesha. Hivi zilivyo, hazisimami. Uliniambia Machi unataka zitulie. Zimetulia."

"Hata ikinyesha?"

"Leo imenyesha tangu alfajiri. Nimekuja kwa basi na kutembea."

Bi Liang alizunguka meza. Alitazama mbele, akatazama pembeni, akatazama kisogo. Hapakuwa na unywele mmoja uliotoka mahali pake.

"Kila asubuhi unatumia muda gani?"

"Dakika tano. Kusokota upya ni mara moja kwa wiki, Jumapili."

"Mimi natumia arobaini," Bi Liang alisema, kama mtu anayesoma hesabu. Akaketi, akachukua kalamu, akatia sahihi.

Kibali kilitoka Januari. Februari Elisante na Leokadia walisimama uwanja wa ndege, kwenye baridi, wakimngoja Dorothea aliyesindikizwa na jamaa wa Elisante. Alitoka ameshika begi dogo. Alikuwa mrefu kuliko kwenye picha. Alimsalimia mama yake kwa adabu, kama mgeni. Nywele zake zilikuwa zimelala bapa kichwani, zinang'aa, zimenyooka. Kwenye paji la uso palikuwa na kigaga kidogo.

"Bibi alinitia dawa," mtoto alieleza. "Alisema Ulaya huku watu wanapendeza."

"Huku si Ulaya," Elisante alisema polepole.

Leokadia hakumlaumu mama yake. Mwaka mmoja nyuma yeye mwenyewe angefanya hivyohivyo, bila kukumbuka kwamba ngozi ya mtoto ni laini kuliko ya mtu mzima. Walipofika chumbani alichemsha maji, akayapooza. Alimkalisha Dorothea kati ya magoti yake, akaosha kigaga, akapaka krimu, akachukua chanuo la meno mapana. Mtoto alikaza mabega.

"Utanitia dawa nyingine?"

"Hapana. Hizi tutazikata kidogokidogo, mpaka zako ziote."

"Itauma?"

"Haitauma," Leokadia alisema, akaanza kwenye ncha.