Aliyeachwa Kituo cha Tatu

Hesabu za Orville Stamm ziligoma kulingana. Alikuwa mwandishi wa takwimu wa Wafinyanzi, timu ya besiboli ya kulipwa ya mji mmoja wa Ohio, na hadi msimu huo wa 1908 kazi haikuwahi kumsumbua. Kila aliyeshika gongo, akapiga na kuanza kuvizunguka vituo vitatu, lazima ajulikane alikoishia: amerudi nyumbani, pale alipoanzia, akafunga bao, ametolewa, au ameachwa kituoni mchezo ulipokwisha. Sasa kila walipocheza kwenye uwanja wao alizidi mtu mmoja, kituo cha tatu, asiye na jina.

Halafu ikaja harufu ya karafuu.

Orville aliijua. Marehemu Lute Haggerty alikuwa akichua goti lake kwa mafuta ya karafuu. Msimu uliopita alikuwa kituo cha tatu mpira ulipompiga kichwani. Giza lilikuwa linaingia, mwamuzi akavunja mchezo, na hakuna aliyewekwa mahali pake amalizie mbio zake kama ilivyo desturi. Lute alikufa palepale, nyumbani hajafika.

Wiki iliyopita Pickens, mchezaji mwingine wa Wafinyanzi, alisimama kituo hicho, akaanguka. Mpaka leo yuko kitandani, hamtambui hata mkewe.

Ndiyo maana jioni ile, Wafinyanzi wakiwa nyuma kwa bao moja, Orville aliteremka hadi benchi kumtafuta Clete, mdogo wake, aliyekuwa anangoja zamu ya kupiga. Alimlea tangu mama yao afariki. Hakuwa na mwingine duniani.

"Ukifika cha tatu, usisimame," alinong'ona.

"Kocha akinizuia je?"

"Mwache apige kelele mpaka akauke koo. Wawili hawakai kituo kimoja, sheria unaijua. Aliyetangulia ndiye mwenye haki, anayemfuata anatolewa. Pickens alimfuata mtu."

Clete akacheka. "Kaka, jua limekuchoma utosi." Kisha akaona kaka yake amemshika mkono wala hamwachii, akaacha kucheka. "Haya. Sisimami."

Zamu yake ilipofika, Clete akaupiga mpira mpaka kwenye uzio wa mbali. Akapita kituo cha kwanza, akapita cha pili, watu wakasimama wakipiga mbao za jukwaa kwa viatu, na Orville, aliyekwisha kurudi kwenye meza yake, akasikia karafuu ikimjaa puani, akasikia chini ya kelele zile pumzi za mtu mwingine anayekimbia, nzito, za mtu aliyengoja sana, na Clete akafika cha tatu, kocha amenyoosha mikono kumzuia, Clete hamtazami, lakini mguu wake ukanasa pale kituoni kana kwamba umeshikwa, akainama, akashika magoti, pumzi moja tu, halafu akachomoka, akateleza vumbini, akafika nyumbani kabla ya mpira.

"Salama!" alisema mwamuzi.

Sare. Orville alilia machozi ya furaha, wala hakuona haya. Aliteremka mbio kumkumbatia mdogo wake.

Clete alikuwa amekaa mwisho wa benchi, anachua goti. Goti hilo halikuwahi kumuuma maishani.

"Umefanya vizuri, mdogo wangu."

Clete akainua macho, akamtazama kama mtu anayejaribu kukumbuka jina. Harufu ya karafuu ilimtoka mdomoni. "Mama yangu amekuja leo?" aliuliza. "Nilimwambia nitafika nyumbani."

Orville akarudi nyuma. Hapo ndipo aliposikia sauti ndogo yenye hofu, kutoka upande wa kituo cha tatu, mahali pasipo na mtu.

"Kaka. Mguu hautoki."

Uwanjani mwamuzi aliinua uso, akaliangalia anga lililokuwa linafifia.

"Usivunje!" Orville alimkimbilia, akamshika koti. "Nakuomba, bwana. Mpigaji mmoja tu. Kuna mtu kituo cha tatu, aletwe nyumbani kwanza."

Mwamuzi akageuka, akaangalia vizuri.

"Hamna mtu pale, Stamm," alisema kwa upole, akavua barakoa yake. "Giza limeingia. Mchezo umekwisha."