Kipimo Kwanza, Salamu Baadaye

Mtaa mzima ulimwita Mama Cheko. Alikuwa fundi cherehani, mshono wake umenyooka, na mdomo wake haukujua likizo. Alipima, akacheka, akasalimiana na wapita njia, kisha ndipo akaandika.

Siku hiyo sista wa zahanati alikuja kujaribu gauni la mfano. Likimkaa vizuri, Mama Cheko angeshona sare za wauguzi wote kumi na wawili. Hakuwa amewahi kupata kazi kubwa namna hiyo.

Vifungo vya kifuani viligoma kufunga.

"Sista, umenenepa?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Kwa wiki moja tu, mama?"

Binti yake, anayemsaidia dukani, alifungua daftari. "Mama, hapa umeandika kifua thelathini na nne."

Wakampima tena. Thelathini na nane! Mama Cheko aliona haya. Miaka ishirini ya ufundi, leo anaumbuka mbele ya mteja.

"Nakumbuka," alisema sista. "Ulipomaliza kunipima, jirani alipita akakuuliza una wajukuu wangapi. Ukamjibu, 'Wanne!' Ndipo ukaandika."

Binti aliangua kicheko. "Mama, umempima sista kwa wajukuu!"

"Wala si uzee," sista akaeleza. "Namba uliyoisoma sasa hivi haikai sana kichwani. Unaishika kwa kuirudiarudia kimoyomoyo. Ukianza kusema mengine, inaponyoka. Sisi tukipima presha, hatupigi soga mpaka tuandike. Wewe itaje namba kwa sauti. Binti airudie, aandike. Salamu zingoje."

"Yaani mimi ninyamaze?"

"Usinyamaze, mama. Sema namba tu."

Mama Cheko aliomba nafasi nyingine. Akakata kitambaa chake mwenyewe, akashona upya. Gauni likakaa. Kesho yake wauguzi walianza kuja kupimwa.

"Hodi, fundi! Za tangu jana?" jirani aliita mlangoni.

Mama Cheko alimwinulia mkono. "Kifua, thelathini na sita!"

"Thelathini na sita," binti alirudia, akaandika.

"Haya jirani, nzuri! Sasa nipe habari zote!"

Siku ya kukabidhi sare, wauguzi kumi na wawili walivaa, wakafunga vifungo. Hakuna gauni hata moja lililobana. Daktari akatoka ofisini, akawatazama.

"Mmependeza! Fundi wenu nani?"

Mama Cheko alijawa na fahari.

"Mama yangu," alisema binti, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani.