Nani Atasoma Kurasa za Hilwa

"Aliyeandika maelezo haya ya kipuuzi ya programu yetu afukuzwe leo leo!"

Hilwa aligeuka, sinia tupu mkononi. Mkahawa wa chini ya ofisi yao, mtaa wa Silicon Oasis, Dubai, ulifurika watu wa chakula cha mchana. Nyuma yake kwenye foleni alisimama kijana mrefu, mikono ya shati la samawati kaikunja, simu sikioni.

"Aliyeandika ni mie," akamwambia. "Haya, nifukuze."

Kijana huyo, Badawi, alikuwa mhandisi wa programu kutoka Mombasa, mgeni kazini. Kampuni yao ilitengeneza programu ya kulinda baridi kwenye maghala ya dawa, na Hilwa, mzaliwa wa Dubai wa ukoo wa Kizanzibari, ndiye aliyeandika maelezo ya kuitumia. Alimpima Badawi toka viatu hadi ndevu, akavuta shela lake la rangi ya zabibu, akaenda zake. Jioni Badawi akampigia kuomba radhi. Hilwa akamkaripia mpaka akachoka, lakini simu hakukata. Miezi michache baadaye walikuwa wakiitana "roho yangu", na ugomvi uko pale pale.

Ndipo bosi wao, Madam Maha, akawataka wachague jukwaa jipya la kuwekea maelezo hayo mtandaoni.

"Yakae pamoja na msimbo wenyewe wa programu," Hilwa alisema. "Mkibadilisha programu, na ukurasa ubadilishwe hapo hapo, jukwaa liuchapishe lenyewe."

"Tovuti ya pembeni ni rahisi, laazizi. Wafungua tu, waandika."

"Na nani ataniambia mmebadilisha kitu?"

"Mimi."

"Wewe? Hata ukichelewa huniambii!"

Hilwa akaenda harusini Sharjah. Aliporudi, tovuti ya pembeni imeshachaguliwa: Badawi alikwenda kwa Maha peke yake. Lois, karani aliyekaa karibu na mlango wa bosi, akamnong'oneza alichosikia. "Alisema kazi yako hakuna anayeisoma."

Hilwa akaifungia namba ya Badawi. Wakipishana kwenye lifti, aligeuza uso ukutani.

Baadaye wahandisi walibadilisha namna ya kunyamazisha king'ora cha baridi, na hakuna aliyemwambia Hilwa. Fundi wa ghala moja la Al Ras akafuata ukurasa wa zamani, akidhani anakinyamazisha king'ora kwa muda, kumbe amekizima kabisa. Baridi ilipokatika, hakikulia. Insulini yote ikaharibika.

Maha akawaita wote wawili. "Ukurasa una jina lako, Hilwa. Khalas, kusanya vitu vyako."

"Hapana, madam," Badawi akasema. "Jukwaa nililichagua mimi. Yeye alikataa."

Maha akamkazia macho. "Ni kweli. Ulisema wahandisi wenzako ni wavivu, kurasa zikikaa na msimbo hawataisoma kazi yake, watamkwamisha."

Hilwa akamgeukia Badawi taratibu. Kumbe ndivyo alivyosema. Hasira haikutoka, ilipata tu mahali pengine pa kukaa.

"Mbona hukuniambia mie?"

"Nilitaka kukulinda."

"Nani alikutuma?"

"Yalla, tokeni," Maha akawakatiza. "Rekebisheni kwanza, ndipo nitaamua nani abaki."

Badawi alizihamisha kurasa zote kwenye msimbo, akaweka sharti kwamba badiliko lolote lisipite bila Hilwa kulikubali. Hilwa akamrudishia kazi tena na tena, ameyaorodhesha makosa yake pembeni. Hatimaye akaipitisha. Maha akawabakisha wote, bila kutabasamu.

Jioni hiyo, nyumbani kwao Al Warqa, Hilwa akaifungulia ile namba. Simu ikalia papo hapo; Badawi alikuwa hajaacha kupiga.

"Hilwa, wanipenda au hunipendi?"

"Nakupenda. Na bado nimekukasirikia."

"Nije na wazee wangu?"

Hilwa akausukuma mlango wa chumba chake, mama asisikie.

"Waje Ijumaa. Lakini ukiamua jambo langu tena bila mie, Badawi, hutonioa wala hutonisikia. Umefahamu?"

"Nimefahamu, roho yangu."

"Usiniite hivyo leo."

Akakata, akamfuata mama yake jikoni.

"Mama, Ijumaa tutakuwa na wageni."

"Wageni gani?"

"Watu wa mmoja niliyegombana naye."

Mama akamtazama usoni, kisha akaenda kutoa kabatini vikombe vya harusi yake.