Njumu za Tanuri la Wazee

Buti zilikuwa na tope.

Leonardi alizishika moja baada ya nyingine, akazigeuza. Jana jioni alizisugua kwa gunzi, akazipaka mafuta ya ng'ombe, akaziegemeza kwenye mafiga zikauke. Sasa tope lilikuwa limejaa katikati ya njumu, ile misumari ya chini ya soli, na wala si tope jeusi la pale kijijini. Lilikuwa jekundu, la kule ukingoni mwa bonde, mwendo wa saa mbili kwa miguu.

"Mama Agnesi, nani kavaa buti zangu?"

"Humu ndani nani ana mguu kama wako?" Dominika, mkewe, alijibu bila kugeuka, anakoroga uji. "Labda panya. Baridi hii ya Juni, mimi hata choo naona mbali."

Leonardi hakucheka. Aliketi kwenye kigoda polepole, maana magoti yalimuuma na mabega yalimuuma. Alilala mapema kama kuku, lakini aliamka hoi kama mtu aliyekesha akipasua kuni. Na hiyo haikuwa asubuhi ya kwanza.

Sasa buti hizo zina habari yake, na mtu asipoijua habari hiyo atamlaumu Leonardi bure. Ingawa hata akiijua atamlaumu vilevile.

Ulikuwa mwaka wa pili tangu watu waondolewe kwenye kijiji chao cha zamani kule ukingoni na kuletwa barabarani, wakae pamoja, walime pamoja. Shamba la kijiji, la mahindi na ulezi, lilibaki kulekule karibu na mteremko, na nguruwe pori nao hawakuhamishwa na mtu. Wakawa wanapanda kutoka bondeni wanakula jasho la watu. Mkutano ukamteua Leonardi kuwa mwindaji wa kijiji. Akapewa gobore na makofi. Viatu hakupewa.

Alikwenda na katambuga zake za tairi. Tairi kwenye nyasi zenye umande, we acha tu! Mwezi wa tatu aliteleza, akabiringika mpaka mti ukamdaka, gobore likalia lenyewe hewani, na nguruwe wakapita zao wakimtazama. Mbavu mbili zilimuuma hadi Pasaka.

Bwana shamba aliyeitwa Andwele, kijana wa Mbeya mwenye moyo, ndiye aliyempeleka Sumbawanga mjini kutafuta buti. Dukani palikuwa na jozi tatu tu. Andwele akanyakua zile zilizong'aa.

"Hizi hapa, Ndugu Leonardi. Utapendeza kama mkuu wa mkoa."

"Nguruwe hawaangalii kupendeza," Leonardi alisema. Akaikunja soli, ikakunjika kama chapati, akairudisha. Jozi ya pili ilikuwa buti za mpira. Alizikataa bila kuzijaribu, kwa kuwa mguu hutoka jasho ndani, ukaogelea, na kwenye jiwe mtu akavunjika kifundo. Ya tatu ilikuwa buti za ngozi nene, nzito, za kufunga kamba hadi juu ya kifundo, zimepauka kwa kukaa. Alizivaa na soksi mbili, akasukuma mguu mbele, akaingiza kidole nyuma ya kisigino. Kikapita.

"Zinakupwaya," Andwele alisema.

"Kiatu kisiponipwaya kidogo dukani, kwenye kuteremka kitanila kucha zote. Ila soli yake hii ni laini kama sahani. Inataka njumu."

Lakini wapi misumari? Mwaka ule hata msumari wa kutundikia kofia ulikuwa wa kutafuta kwa tochi. Basi Leonardi akaenda kwa Mzee Polikarp, mhunzi, ambaye baba yake alikuwa miongoni mwa wazee waliokuwa wakiyeyusha chuma zamani.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Njumu nitakugongea. Chuma niletee wewe, mimi sina hata cha kutengenezea sindano."

Hapo ndipo Leonardi alipokosea. Kule kijiji cha zamani, nyuma ya yaliyokuwa makazi yao, lilisimama tanuri la udongo la wazee, refu kupita watu wawili, na chini yake lina matundu ya kupitishia hewa. Kila mtoto aliyezaliwa pale aliambiwa jambo moja: chuma cha tanuri lile hakiguswi, kwa sababu kazi yake haikufungwa. Wayeyushaji walikuwa wakiishi kambini mbali na wake zao, wakipokezana kwa zamu, na mtu hakuruhusiwa kutoka hadi mwenzake ampokee. Kazi ikiisha, mkubwa wao alimwaga unga wa ulezi mlangoni, akawaaga na kuwaruhusu. Sasa mwaka wa nzige, ugonjwa uliingia kambini katikati ya kazi. Walikufa mmoja mmoja huku wakipokezana, hadi asibaki wa kumpokea wa mwisho. Unga haukumwagwa.

Leonardi aliyajua yote hayo. Lakini mbavu zilikuwa zinamuuma, shamba lilikuwa linaliwa, na yeye alikuwa amechoka kuanguka. Aliingiza mkono kwenye tundu, akatoa donge la chuma la ukubwa wa kichwa cha mtoto.

"Umelitoa wapi hili?" Polikarp aliuliza, akilipimapima mkononi.

"Nimeliokota barabarani, Mzee. Labda limedondoka kwenye lori."

Mzee alimwangalia kidogo, kisha akawasha moto wake. Akampigia njumu kumi na mbili kila mguu, zenye vichwa vinene. Na tuseme kweli, zilikuwa njumu! Leonardi alitembea kwenye mwamba uliolowa kama anatembea sebuleni. Wiki mbili, nguruwe watano. Watu walikula nyama, wakamwimba.

Kisha ndipo uchovu ulipoanza.

Siku moja baada ya ile ya tope, aliamka viganja vyake vikiwa vyeusi. Dominika alivisugua kwa majivu, havikutoka vyote.

"Baba Agnesi, haya ni makaa," alisema kwa sauti ya chini, mtoto asisikie. "Na blanketi linanuka moshi. Si moshi wa jikoni kwangu. Unakwenda wapi?"

"Siendi popote. Nalala hapa na wewe."

"Nikigeuka nakugusa, upo. Lakini uko baridi kama mtu aliyetoka nje."

Dominika alizifunga buti kwa kamba ya katani, akazitundika kwenye pao la paa, na mlango akaufunga kwa kamba nyingine. Asubuhi kamba zote zilikuwa palepale, mafundo yake yaleyale. Buti zilikuwa miguuni kwa Leonardi, chini ya blanketi, zimefungwa hadi juu, na malengelenge yalikuwa yamepasuka ndani. Dominika aliketi chini akalia kimyakimya, kanga mdomoni. Leonardi alimtazama akataka kumfariji, lakini hata kuinua mkono kulimshinda. Alijua mwili unakwisha. Suruali yake ilishikwa na mkanda tu, na mkanda ulikuwa umetobolewa tundu jipya.

Asubuhi hiyohiyo, ukungu ukiwa umelala juu ya mashamba, alifuata nyayo. Hazikuwa ngumu kuziona: alama kumi na mbili za njumu, hatua moja, hatua nyingine, kuelekea kijiji cha zamani. Mwanzoni zilikuwa zake peke yake. Alipofika kwenye mahame, pale nyumba zilipobaki kuta, aliona kwamba kando ya nyayo zake kulikuwa na nyayo nyingine za miguu mitupu, za watu wawili, halafu wanne, halafu wengi asioweza kuwahesabu, zote mbichi, zote zimezama sana kwenye tope kama za watu waliobeba mizigo, na kadiri alivyosogea ndivyo harufu ya moshi ilivyomjaa puani ingawa hakuona moto, na ndivyo alivyosikia kitu kinachokwaruza, kwaru, kwaru, kama kapu zito linaloburutwa juu ya changarawe, likisimama kila aliposimama yeye na kuanza tena kila alipoinua mguu, mpaka akalifikia tanuri lenyewe limesimama katikati ya ukungu, akachungulia kwenye tundu la chini na kuona kwamba lile tanuri ambalo utoto wake wote lilikuwa tupu, lenye popo na buibui, sasa limejaa makaa mapya, yamepangwa vizuri kwa mkono, tabaka juu ya tabaka.

Kutoka ndani, sauti ya mwanamume ilisema, "Leo umewahi."

Leonardi hakukumbuka alivyokimbia. Alijikuta kwa Polikarp, amepiga magoti, anasema yote. Mzee alisikiliza hadi mwisho. Kisha akatupa nyundo chini.

"Ulinidanganya! Nikakigonga kwa mkono wangu huu, chuma cha baba yangu!"

"Nilichoka kuanguka, Mzee."

"Na sasa je? Umepumzika?" Polikarp alifoka, halafu hasira ikamtoka, akaketi. Alikuwa na miaka sabini na ushei, naye alikuwa amechoka kwa namna yake. "Wale si wabaya, Leonardi. Wanataka kwenda nyumbani tu, na hawawezi kutoka hadi kazi iishe. Kazi yenyewe haiishi, kwa kuwa kila anayebeba anakufa kabla haijaisha. Watakutumia hadi uishe."

"Nifanye nini?"

"Kesho asubuhi tutakwenda pamoja. Utavua buti mlangoni mwa tanuri. Watakuuliza nani anakupokea. Usijibu. Watauliza tena na tena. Ukinyamaza hadi jua likae utosini, nitang'oa njumu, nitazirudisha ndani, nitamwaga unga na kuwaruhusu wote. Lakini ukitaja jina, yule uliyemtaja ndiye atakayezivaa. Umenisikia?"

"Nimesikia, Mzee."

Walikwenda. Polikarp alibeba unga wa ulezi kwenye kibuyu na koleo mfukoni. Leonardi alivua buti, akaziweka mlangoni mwa tanuri, akasimama peku kwenye umande. Mzee akamshika mkono ili asianguke.

"Nani anakupokea?"

Haikuwa sauti ya kutisha, na hilo ndilo lililotisha. Ilikuwa sauti ya mtu aliyesimama muda mrefu na anayeuliza kwa adabu. Leonardi alifumba mdomo. Ukungu haukusogea. "Nani anakupokea?" Ikawa inauliza baada ya kila pumzi, bila kupandisha, bila kushusha, na nyuma yake aliwasikia wengine wakishusha makapu yao kusubiri jibu, na macho yakawa yanafumba yenyewe, na kila yalipofumba aliona kitanda chake, na majina yakaanza kumjia mdomoni moja moja kama mate, jina la Dominika, akalimeza, jina la Agnesi mtoto wake, akalimeza huku akilia, jina la bwana shamba, akalimeza, na jua huko juu lilikuwa doa jeupe tu ambalo halikupanda, na mkono wa mzee ulikuwa umemshika vizuri, una joto, uko karibu.

"Polikarp," alisema.

Mkono ule ulimwachia.

Mzee hakupiga kelele. Alimtazama Leonardi kama anamtazama mtu aliyemwona akiwa mchanga. Kisha aliketi juu ya jiwe, akavua katambuga zake, akavaa buti. Zilimpwaya sana, akazungusha kamba mara mbili kwenye kifundo. Kibuyu cha unga alikiacha chini, kama mtu asiyekumbuka kilikuwa cha nini.

"Nenda kalale, mwanangu," alisema.

Leonardi alirudi peku. Alilala siku ile na siku iliyofuata, hakuota kitu. Siku ya tatu aliamka mwili mwepesi, akanywa uji mabakuli mawili. Dominika aliuliza mara moja tu ilikuwaje, na Leonardi alipomweleza hakuuliza tena. Alihamishia mkeka wake chumba cha mtoto.

Jioni ya siku hiyo, Mama Kristiana, mke wa Polikarp, alisimama mlangoni kwao amejitanda kanga.

"Mwanangu Leonardi, nimekuja kwako kwa kuwa mzee wangu alikusaidia ulipougua. Anaamka mikono myeusi. Chakula hagusi. Nikimuuliza anasema kitu kimoja tu, kwamba anangoja kupokewa." Alijifuta macho. "Mzee wa umri ule atamaliza wiki kweli? Kama unajua dawa, niambie. Kama kuna mtu wa kumpokea, nitamwangukia miguuni."

Leonardi alimtazama yule mama. Jibu alilijua, na lilikuwa neno moja, jina lake mwenyewe. Lilifika hadi kwenye meno.

"Sijui, mama," alisema.

Akafunga mlango, akajilaza, akavuta blanketi hadi kichwani. Aibu ilimjaa hata akadhani hatapata usingizi tena maishani. Ukaja palepale, mzito na mtamu.