Msaidizi wa Marehemu Ogada

Jumanne, saa nne ya chai, kazi moja kwenye dashibodi iligeuka kijani na hakuna mtu aliyeigusa.

Jerusa, karani wa matengenezo katika kiwanda kimoja cha majani chai nje ya Roret, aliisoma mara mbili. Kupaka grisi, rola namba tatu. Imekamilika. Fundi: Ogada. Sasa huyo Ogada walikuwa wamemzika Machi, na sanduku lake halikufunguliwa hata kwa mama yake mzazi, maana ni hiyo hiyo rola namba tatu iliyomla.

Ngoja kwanza niieleze hiyo dashibodi, usije ukamhurumia mtu asiyestahili. Ilikuwa skrini kubwa kama mlango, ukutani mwa ofisi. Kila Jumatatu ilitoa orodha ya kazi za mashine: nyekundu kwa ambayo bado, kijani kwa iliyokwisha. Chombo kizuri kabisa, kikiwa mikononi mwa mtu mwenye akili. Aliyekileta ni Kipkemoi, meneja wa matengenezo, mtu ambaye hakuwahi kushika spana maishani mwake. Yeye alipenda kijani tu. Wimbo wake ulikuwa mmoja: "Tiki kwanza, spana baadaye." Basi siku ile ya Machi mtu akatiki kwamba umeme wa rola umezimwa na swichi kufungwa kwa kufuli, kumbe haujazimwa, na Ogada akaingia mzima mzima.

Kipkemoi akaenda matanga, akala akashiba, akarudi, akakataa jina la marehemu lifutwe. Likifutwa, kazi zake arobaini zingerudi nyekundu. Mafundi nao, mabingwa wa uvivu, wakaona mwanya: kila kazi iliyowachosha waliitiki kwa namba ya siri ya Ogada. "Marehemu hafukuzwi kazi," walisema wakicheka. Hata Joab, mume wa Jerusa, alicheka. Fundi mzuri, lakini ukiishi na wavivu utapiga miayo nao.

Jerusa alimwita Joab, wakaenda kwenye rola. Joab akaingiza kidole kwenye beringi. Grisi ilikuwa mpya, safi, imepakwa kwa mkono wa mtu anayejua kazi. Hapo ndipo jasho lilipowatoka. Mwaka mzima, hiyo ndiyo kazi ya kwanza iliyotikiwa na ikawa imefanywa kweli.

"Mama Apiyo," Joab alimnong'oneza mkewe, "kwetu maiti hatumwi. Na sisi tumemtuma huyu mtu miezi mitatu."

Jumatano ikatokea kazi nyingine, ya kukaza cheni. Fundi: Ogada. Msaidizi: Joab. Kazi kubwa lazima iwe na watu wawili, ndivyo dashibodi ilivyopangwa. Joab siku hiyo hakuwa zamu. Jerusa alimwacha nyumbani akinywa uji. Saa tano akasikia spana ikigonga chuma ndani ya mashine iliyozimwa, ko, ko, ko, taratibu, kama fundi asiye na haraka, na akachungulia dirisha la ofisi linalotazama chini kwenye mashine akamwona mumewe akiingia bila viatu, macho wazi lakini hayaoni, akipiga magoti kando ya rola na kunyoosha spana chini kwenye giza la mashine, na spana ikapokelewa, akanyoosha nyingine, nayo ikapokelewa, na kutoka humo chini ikapanda harufu ya grisi iliyoungua na udongo mbichi wa kaburi mpaka wanawake waliokuwa wakipepeta majani wakafunika pua na leso zao bila kujua wanafunika nini.

Joab alipozinduka hakukumbuka lolote. Mikono yake ilikuwa na grisi mpaka kwenye viwiko.

Usiku huo hawakulala, na asubuhi Jerusa akaona kazi ya Ijumaa. Saa nane mchana. Kubadilisha meno ya rola namba tatu. Fundi: Ogada. Msaidizi: Joab. Kwa kazi hiyo msaidizi huingia ndani.

Alijaribu kulifuta jina la mumewe. Dashibodi ikakataa: nafasi ya msaidizi ikishajazwa haiwezi kuachwa wazi. Akakimbia kwa Kipkemoi.

"Bosi, funga hiyo akaunti ya Ogada. Tafadhali. Joab atakufa."

"Jerusa, hizo ni stori za jaba, za watafuna miraa."

"Bosi, nimeona na macho yangu."

"Sikiza, mama. Wakubwa wa Nairobi wanakuja kesho kuona asilimia mia. Nikifunga, nitawaonyesha nini? Nyekundu?" Akashusha sauti, kwa maana naye alikuwa ameisikia ile harufu. "Nitaita pasta aombee."

Pasta akaja kweli. Akawekea skrini mikono, akakemea pepo la uharibifu, na alipotoa kichupa cha mafuta, Kipkemoi akamshika mkono. Eti mafuta yataharibu kioo! Mume wa mtu anataka kusagwa, na yeye anaogopea kioo. Nimeona wajinga, lakini huyo alikuwa na cheti.

Ijumaa Jerusa alimfungia Joab nyumbani kwa kufuli, na ufunguo akauficha kifuani. Wageni wakafika na suti zao, wakapewa soda na mandazi, wakaketishwa mbele ya dashibodi. Kipkemoi akasimama, tumbo mbele. "Kama mnavyoona, hapa kwetu hakuna kitu kimelala."

Saa nane kasoro dakika kumi Jerusa alitazama nje na kumwona Joab akija katikati ya michai, bila viatu, kipande cha mlango alioupasua bado kikining'inia kwenye kifundo cha mkono wake, akipita walinzi bila kuwaona, na ko, ko, ko ikaanza chini, haraka kidogo sasa, na ile harufu ikapanda ngazi ikaingia ofisini na kusimama nyuma ya kiti chake, karibu kabisa, ikingoja kama fundi anavyomngoja karani amwandikie kazi, na vidole vya Jerusa vikaenda kwenye nafasi ya msaidizi, vikafuta Joab, na kabla moyo haujaviuliza vikaandika Kipkemoi.

Kule chini Joab aliketi sakafuni, akaanza kulia.

Kipkemoi alikatiza sentensi. Akavua koti, akalikunja vizuri, akaliweka kitini. Akashuka ngazi. Wageni wakadhani anataka kuwaonyesha kazi kwa vitendo, wakamfuata na simu zao juu, wakirekodi. Akapiga magoti mbele ya rola namba tatu. "Niletee spana ya ishirini na nne," alisema, kwa sauti iliyokuwa na lafudhi ya ziwani kama ya Ogada, ambayo haikuwa yake, kisha kwa sauti yake mwenyewe akasema, "Woi, mama yangu," na mikono yake ikaendelea kumvuta ndani. Umeme ulikuwa umefungwa. Jerusa mwenyewe alikuwa amekagua kufuli. Rola ikawaka.

Juu ofisini kazi ikageuka kijani. Mgeni mmoja aliyebaki huko na andazi lake alipiga makofi.

Wakamzika Kipkemoi kwao Kapsoit. Nairobi wakatuma barua ya rambirambi iliyosifu asilimia zake. Joab hakuuliza ni nani aliyebadilisha jina. Alifungasha vitu na kusema wataondoka mwisho wa mwezi. Jerusa akaamini yamekwisha.

Jumatatu saa mbili asubuhi dashibodi ikatoa orodha mpya, kama kila Jumatatu. Meno ya rola hubadilishwa kila wiki. Ijumaa, saa nane. Fundi: Ogada. Msaidizi: wazi.

Udongo mbichi ukanuka nyuma ya kiti. Jerusa hakugeuka. Aliitazama ile nafasi, na bila yeye kugusa kitu herufi zikaanza kujiandika, J, kisha o, kisha a.

"Ngoja, omera, ndugu yangu," alisema kwa upole, kama mtu anayezungumza na mfanyakazi mwenzake. "Ngoja kidogo."

Herufi zikasimama. Akavuta daftari la zamu, akalifungua, akaanza kutafuta mtu asiye na watoto.