Paneli Isiyotaka Kufunikwa

Kikohozi kilitoka nyuma ya rundo la fremu, mchana kweupe, na karakana nzima ilikuwa na mtu mmoja tu. Mtu huyo, fundi wa kufumua paneli za sola zilizochoka, alikijua kikohozi hicho vizuri. Alilala nacho chumba kimoja miaka mingi, mpaka mkewe alipofariki.

Kazi ile ina sharti: paneli ikishushwa inalazwa kifudifudi au inafunikwa turubai, maana hata iliyochoka ikiona jua hutoa umeme ikampiga mtu shoti. Fundi alilivunja kwa paneli moja tu, ile ya paa la nyumba yake. Mkewe alikuwa akiifuta kila asubuhi huku akiimba. Nyingine zilivuliwa fremu, zikakatwa nyaya, vioo vikaenda kusagwa. Hiyo aliiegemeza ukutani, uso juani, apate wa kutazamana naye wakati wa kula. Upweke ulikuwa umemkaba kweli.

"Umekula?" paneli ikauliza.

Akajibu. Hapo ndipo alipojichongea.

Binti yake alipokuja kumtembelea alimkuta amekonda, midomo imebabuka kwa jua, anacheka na paneli ile.

"Baba," alinong'ona, "huyo si mama. Tuifunike, kesho isagwe. Wewe twende ukaishi kwangu. Utakufa hapa, baba."

Akakubali. Wakaifunika pamoja, wakalikaza turubai kwa mawe. Binti akatoka kutafuta gari.

Ndipo harufu ya nywele zinazoungua ikajaa karakana, turubai likaanza kupanda na kushuka kama kifua cha mgonjwa, nyaya ambazo hakuwa amezikata zikatambaa taratibu kuelekea miguuni pake, na chini ya turubai sauti ya mkewe, yenye mkwaruzo uleule, ikalia, "Mume wangu, nifunue. Naogopa giza."

Fundi akaganda. Mkewe hakuogopa giza hata siku moja. Mwoga alikuwa yeye, na kila wakizima taa mkewe alimcheka: "Mwanaume mzima!" Basi binti alisema kweli.

Honi ikalia nje. "Baba! Gari limefika!"

Akaifikiria nyumba ya binti yake, ambako wangempenda na kumtunza, na asingekisikia tena kikohozi kile.

"Nakuja, mke wangu," akasema kwa upole, akainama, akaliondoa jiwe la kwanza.